Harusi ni Jumamosi na bado hujaorder kofia? Umechelewa, msee

Uko Mbaraki, leo ni Jumatatu, na unataka babu avae kofia ya mkono kwa harusi ya wikendi. Zii. Hiyo wiki moja haitoshi hata kumaliza ukanda wa pembeni.

Ile kofia nyeupe yenye vishimo unayoiona msikitini kila Ijumaa ni vipande viwili: duara la juu na ukanda. Mchoro unaanza na penseli. Halafu kila kishimo kinatobolewa na kuzungushiwa uzi kwa sindano, kimoja kimoja, mamia yake. Mashonaji wengi ni wamama, wanashona katikati ya kupika na kulea, so kofia moja inaweza kula miezi. Kitambo msichana alikuwa akimshonea mchumba wake. Kama hiyo si mapenzi, sijui ni nini.

Shida ni, kofia za mashine zimejaa soko na wengine wanakuuzia kama za mkono. Iinue kwa mwanga: ya mkono, vishimo viko wazi na hewa inapita. Ya mashine mara nyingi imedarizi tu juu juu.

Ukitajiwa maelfu, usianze kulia. Gawanya hiyo doo kwa siku alizokaa na sindano.

Sasa panda tuktuk uende Old Town, utafute iliyokwisha kushonwa. Pima kichwa cha babu kwa uzi kabla hujatoka. Na mwambie asiiweke kwa mashine ya kufua: maji, sabuni, wanga kidogo, kisha ikaukie juu ya sufuria iliyogeuzwa.