Tone la Damu Kisiginoni

Mtoto ana miezi minne. Amelazwa kwa nimonia mara ya pili, utando mweupe mdomoni hauishi kwa dawa, anaharisha, uzito haupandi. Anapimwa VVU, majibu yanarudi hana. Mara nyingi uchunguzi huishia hapo, na hilo linanisikitisha sana.

Wapo watoto wanaozaliwa na upungufu wa kinga kwa sababu ya hitilafu ya jeni. Hitilafu zinazofahamika leo zimepita 400. Kati ya zilizo kali mno ni zile zinazomwacha mtoto bila seli T, chembe nyeupe za damu zinazoongoza kinga, na asipotibiwa mtoto huyo kwa kawaida hafikishi miaka miwili. Kwetu hatari huanza siku za mwanzo kabisa, kwani chanjo ya kifua kikuu, BCG, hutolewa anapozaliwa. Bakteria wake ni hai ingawa wamedhoofishwa, na mwilini mwa mtoto asiye na seli T huweza kusambaa. Chanjo isiachwe, inaokoa watoto wengi mno. Huyu mmoja ndiye wa kutambuliwa mapema.

Kipimo kipo. Seli T zinapokomaa kwenye tezi ya thaimasi hukata na kuunga upya DNA yake, na kipande kilichokatwa hujikunja kuwa kiduara kinachobaki ndani ya seli. Maabara hutafuta viduara hivyo katika tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi. Vikikosekana, huenda seli T hazitengenezwi. Jimbo la Wisconsin, Marekani, lilianza kupima watoto wachanga wote mwaka 2008. Kufikia mwisho wa 2018 majimbo yote yalikuwa yamefuata. Utafiti wa huko uliochapishwa 2014 ulionyesha faida ya kuwahi: kati ya watoto hao waliotibiwa kwa kupandikizwa uboho kabla ya kupita miezi mitatu na nusu, asilimia 94 walikuwa hai miaka mitano baadaye.

Karatasi hiyo wauguzi wetu wanaijua. Humchoma kisigino mtoto wa mama mwenye VVU, hujaza damu kwenye miduara iliyochapwa, huianika ikauke, kisha huituma maabara bila barafu. Watafiti wa Kenya na Tanzania wangeweza kuanzia hapo.

Kwa sasa ipo picha kamili ya damu. Daktari, soma mstari wa limfosaiti, kundi la chembe ambamo seli T zimo. Kwa mtoto mchanga, zikiwa chini ya 3,000 kwa maikrolita, rudia kipimo, na zikibaki chini mpeleke kwa bingwa wa watoto, hata kama hana VVU.