Aliyetunzwa shingo ya kizazi anaweza kuzaa

Mu makambi ya Likasi na Kolwezi, mwanamke akiambiwa ana chembe mbaya kwenye shingo ya kizazi, mawifi wanaanza: huyu hatazaa tena. Uongo! Ile si kansere bado. Munganga anaunguza chembe, anazigandisha, ao anakata kipande kidogo. Kizazi chenyewe kinabaki.

Aliyekatwa ndiye wa kuangalia zaidi. Kipande kikipita milimeta 10 urefu, hatari ya kuzaa mbele ya juma 37 kutimia inaongezeka. Basi mama, siku ya kwanza ya kupima mimba, beba karatasi ya lopitali, usifiche. Ekografi itapima shingo. Ikifupika sana, kuna dawa, kuna na kuishona. Kupasuliwa si lazima.

Na wewe baba, tumbo ikimuuma ao damu ikitoka mbele ya wakati, asingoje utoke mu mugodi. Umuachie feza ya njia mapema.