Upitishaji wa Hoja kwa Vijiprogramu katika Udhibiti wa Majengo: Mfano wa Ghala la Ndizi, Himo

Katika lugha ya PPCL, itumikayo kwenye vidhibiti vya majengo vya Siemens, amri ya GOSUB hukiita kijiprogramu na kukikabidhi pointi zisizozidi 15. Humo ndani pointi hizo hazitambuliwi kwa majina yake, bali kwa nafasi: $ARG1, $ARG2, na kuendelea.

Tuchukulie ghala la ndizi mjini Himo lenye vyumba vitatu vya kupozea. Kijiprogramu kimoja huvitosha vyote: $ARG1, yaani joto la chumba, ikizidi $ARG2, kiwango kilichowekwa cha nyuzi 14, mtambo ulio $ARG3 huwashwa, la sivyo huzimwa. Mwandishi akizipishanisha hoja mbili za mwanzo, programu hailalamiki, kwa kuwa zote ni namba tu. Chumba kikifika nyuzi 20, mtambo hulala; kikishuka hadi 12 huwaka na kuzidi kukipoza, ilhali ndizi huanza kudhurika na ganda kuwa jeusi chini ya nyuzi 13 hivi.

Kosa la pili ni fiche zaidi. Kijiprogramu kikiandika thamani mpya katika $ARG2, kinachobadilika ni kiwango chenyewe cha chumba kilichopitishwa. Hesabu za kati hazina budi kuwekwa katika pointi za ndani za programu.