Mbegu haikuota, feza imekwisha kulipwa



Mwezi wa nane ukifika, koperative nyingi za Kivu zinaanza kuchanga feza ya mbegu ya sezoni A. Kila mumoja analeta yake, kesye anaandika katika kaye, na komite inatumwa sokoni. Hapo njo hatari inaanza, hata kama hakuna mwizi ndani.

Tuchukue koperative moja ya walimaji 60. Walihitaji mifuko 12 ya maharagi ya kupanda, kilo 50 kila mufuko, ni kusema kilo 10 kwa kila mutu. Muuzaji wa kwanza aliomba dola 2 kwa kilo, wa pili dola 1,60. Komite ikamukamata wa pili, na jeran akamutumia dola 960 zote kwa simu, mbele ya kuona hata punje moja. Mifuko ikafika usiku, mvua inanyesha, ikaingizwa depo haraka haraka. Kisha siku kumi, karibu nusu ya mashimo katika mashamba ilikuwa tupu. Kuko mama mumoja alikuwa ameuza mbuzi wake juu ya ile mbegu.

Walipomurudilia muuzaji, alijibu kama yeye aliuza maharagi, hakuuza mbegu. Na kwenye fakture kulikuwa kumeandikwa "maharagi" tu. Hawakuwa na neno la kumushitaki nalo.

Kwa hiyo karatasi ya komande inapashwa kusema yote: ni mbegu, ya aina gani, ya sezoni gani, kilo ngapi, itafika tarehe gani na fasi gani. Andikeni tena bei ni ya dola ao ya franka, na kama mutalipa kwa franka, ni kwa kiwango cha siku gani. Bila hiyo, muuzaji atachagua kiwango chenye kinamufaa. Kama anasema mbegu yake imekaguliwa, aonyeshe karatasi ya SENASEM na etiketi kwenye mufuko. Mufuko muzuri wenye maandishi ya rangi, hiyo si ushuhuda.

Sasa tuangalie ile bei ya chini. Kama katika punje 100 zinaota 55, kilo yenye inaota kweli inawafikia karibu dola 2,90. Ile ya dola 2, kama inaota 90 kwa 100, inafika karibu dola 2,20. Ya bei kali njo ilikuwa ya bei muzuri! Lakini hakuna mutu angejua bila kupima, na kupima hakuombi hata franka moja. Kamata punje mukononi kutoka mifuko mbalimbali, juu, katikati na chini kabisa, juu wengine wanaweka mbegu nzuri juu tu. Changanya, hesabu 100 bila kuchagua zenye kupendeza, panda katika muchanga wenye kulowana. Kisha siku saba ao nane, hesabu zenye zimeota vizuri. Zikiwa chini ya 80, musinunue.

Juu ya malipo, dawa ni kugawanya. Kwa komande ya dola 1.200, mukitanguliza dola 360, zinabaki 840 mikononi mwenu mpaka mizigo ipimwe kwa kilo yenu wenyewe. Muuzaji mwenye anakataa hata kuongea juu ya hilo, mumuulize sababu. Na musimutegemee mumoja peke yake: barabara ikikatika kwa mvua, sezoni haitawangojea.

Inabaki jambo lenye watu hawapendi kusikia. Katika ile koperative, jeran njo alimupata muuzaji, njo alilipa, njo alipokea mizigo. Labda ni mutu wa haki, hatujui, na hata wanamemba hawawezi kujua. Hapo kijijini tunaona haya kumuomba ndugu karatasi, tunafikiri ni kumutukana. Lakini sheria ya OHADA ya 2010, yenye inaongoza koperative za Kongo, inaweka hata kwa koperative ndogo (SCOOPS) komisyo ya uangalizi mbali na komite ya usimamizi. Iacheni ifanye kazi. Mwenye kulinganisha bei asiwe mwenye kulipa, na mwenye kulipa asipokee mizigo peke yake. Kama muuzaji ni shemeji ya prezida, prezida aseme mbele ya mukutano na atoke wakati wa kuchagua.

Siku ya kupokea, mujaze kopo moja la mbegu kutoka mifuko yote, mulifunge, muuzaji na watu wawili wa koperative watie sinyatire juu yake. Likae depo mpaka maharagi yaote.

Wenye kupanda mwezi wa tisa, kipimo cha muchanga kianze sasa.