Kompyuta Ikiganda: Vitufe vya Kubonyeza Kabla ya Kuizima

Nanganga ni njia panda ambapo barabara iendayo Ruangwa na Nachingwea huachana na barabara kuu ya Mtwara hadi Masasi. Wananchi wengi wa ukanda huu hutegemea korosho, zao ambalo lilianza kuuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani katika msimu wa 2007/2008. Tangu msimu wa 2024/2025, minada yake huendeshwa kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Kabla mkulima hajalipwa, kilo zake hupimwa, huandikwa na kuingizwa katika kumbukumbu za chama cha msingi cha ushirika. Kwa sababu hiyo, kompyuta inayoganda wakati foleni ya wakulima ni ndefu huweza kugusa malipo ya kaya nyingi.

Jambo la kwanza ambalo watumiaji wengi hulifanya kompyuta inapoganda ni kushikilia kitufe cha kuwashia hadi mashine izimike. Hatua hiyo ndiyo inayopaswa kuwa ya mwisho. Kuzima kwa nguvu hufuta kazi yote ambayo haijahifadhiwa, na iwapo faili lilikuwa likiandikwa kwenye diski wakati huo, linaweza kuharibika lisifunguke tena.

Mara nyingi kinachoganda ni programu moja tu, si kompyuta nzima. Programu hiyo huwa inasubiri jibu kutoka kwenye mtandao au diski, au imemaliza nafasi ya kumbukumbu ya mashine. Mfumo endeshi, ambao ndio msimamizi wa programu zote, huwa bado unafanya kazi na unaweza kupokea amri kutoka kwenye kibodi hata pale kipanya kinapoonekana hakina msaada.

Mtumiaji anashauriwa kusubiri dakika moja au mbili, kisha kubonyeza kitufe cha Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzimika, hiyo ni dalili kwamba mfumo endeshi bado uko hai na hatua zifuatazo zina nafasi ya kufaulu.

Kwa kompyuta zinazotumia Windows 10 au Windows 11, hatua huanzia kwenye iliyo nyepesi. Kwanza, Alt na Tab hubonyezwa kwa pamoja ili kuhamia kwenye dirisha jingine. Likipatikana, kazi iliyo wazi humo ihifadhiwe mara moja kwa Ctrl na S. Baada ya hapo mtumiaji hurudi kwenye dirisha lililoganda na kubonyeza Alt na F4 ili kulifunga.

Dirisha likikataa kufungwa, hubonyezwa Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Hapo hufunguka Task Manager, yenye orodha ya programu zote zinazofanya kazi. Ile iliyokwama huandikwa ubavuni “Not responding”. Mtumiaji huifikia kwa vitufe vya mishale, kisha hubonyeza Delete ili kuisimamisha. Kazi ambayo haikuhifadhiwa katika programu hiyo inaweza kupotea, lakini programu nyingine zote hubaki salama. Iwapo kilichoganda ni mstari wa chini wenye alama za programu, katika orodha hiyo huchaguliwa “Windows Explorer” na kuamriwa ianze upya, bila kugusa mafaili yaliyo wazi.

Skrini ikiwa nyeusi au picha imesimama, hubonyezwa kitufe cha Windows pamoja na Ctrl, Shift na B. Amri hiyo huanzisha upya sehemu inayochora picha kwenye skrini, na haifungi programu yoyote.

Hayo yote yakishindikana, zipo Ctrl, Alt na Delete. Mchanganyiko huu ulibuniwa na mhandisi David Bradley wa kampuni ya IBM, iliyotoa kompyuta yake binafsi ya kwanza mwaka 1981. Wakati huo ulikuwa wa kuiwasha mashine upya papo hapo, na vitufe vilichaguliwa vikiwa mbalimbali ili mtu asivibonyeze kwa bahati mbaya. Katika Windows ya leo amri hii hupokelewa na mfumo endeshi wenyewe, na programu ya kawaida haiwezi kuizuia. Ndiyo maana hufanya kazi pale nyingine zinaposhindwa. Katika ukurasa unaotokea, mtumiaji anaweza kuchagua Task Manager, kutoka kwenye akaunti yake, au kuiwasha kompyuta upya kwa utaratibu kupitia alama ya kuzimia iliyo pembeni chini.

Kwa kompyuta zinazotumia Linux, Ctrl, Alt na F3 mara nyingi hufungua ukurasa wa maandishi matupu. Humo mtumiaji huingia kwa jina na nywila yake, kisha anaweza kuisimamisha programu iliyokwama.

Taa ya Caps Lock isipobadilika na hakuna amri inayojibiwa, hapo ndipo kitufe cha kuwashia hushikiliwa kwa takriban sekunde kumi.

Kompyuta ikishazinduka, kazi bado haijaisha. Ikiwa taarifa zilikuwa zikitumwa kwa mtandao, huenda zilifika kabla ya skrini kuganda. Karani atakayeziingiza tena bila kukagua anaweza kuandika mzigo mmoja mara mbili. Na atakayedhani zimefika, kumbe hazikufika, atamwacha mkulima bila kilo zake. Njia salama ni kutafuta jina la mkulima wa mwisho ndani ya mfumo, kulinganisha na nakala ya karatasi ya mizani, na ndipo kuendelea na anayefuata.

Kinga iliyo rahisi kuliko zote ni kubonyeza Ctrl na S kila baada ya taarifa chache katika programu zinazohifadhi kazi kwenye mashine, na kufunga programu zisizotumika. Mkulima naye anakumbushwa kutunza stakabadhi yake hadi malipo yatakapokamilika, kwa kuwa karatasi hiyo ndiyo ushahidi wake iwapo kumbukumbu za kompyuta zitapotea.