Shule za Kutwa za Watu Binafsi na Ustawi wa Mtoto Katika Nchi ya Nshamba

Nshamba ni mji mdogo katika wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera, upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria. Nyumba za watu zimezungukwa na migomba, na katika kivuli cha migomba hiyo hustawi mibuni, ambayo kwa muda mrefu imekuwa ndiyo karo ya shule ya watoto wa Wahaya. Tangu zamani za wamisionari elimu imepewa heshima kubwa katika nchi hiyo, na mzazi aliye maskini huona afadhali akose bati juu ya nyumba kuliko mtoto wake akose darasa. Lakini siku hizi swali limekuwa jingine. Wazazi hawaulizi tena kama mtoto asome au asisome. Huuliza asome shule ya namna gani, kwa lugha gani, na kwa gharama gani ya mwili na moyo wake. Makala haya yanaeleza jambo hilo kwa upande wa shule za kutwa za watu binafsi, ambazo hutumia Kiingereza tangu darasa la kwanza.

Yafaa kuanza na maneno yenyewe, kwa kuwa mara nyingi neno huhifadhi maana ambayo watumiaji wake wameisahau. Neno "kutwa" ni sawa na "kuchwa," yaani kuzama kwa jua. Afanyaye kazi kutwa hufanya kazi mpaka jua linapozama, kisha hurudi kwake. Basi shule ya kutwa, kwa jina lake, ni shule yenye mwisho. Machweo ni mpaka wake, na baada ya mpaka huo mtoto ni wa nyumbani. "Bweni" nalo, kwa desturi ya pwani, lilikuwa mahali pa kulala vijana wasiooa au wasichana wasioolewa, kabla halijawa nyumba ya kulala wanafunzi. Na "ustawi" watokana na kitenzi "stawi," ambacho husemwa hasa kwa mimea: mgomba umestawi, mbuni haukustawi. Mkulima ajua kwamba mmea haustawi kwa kuvutwa majani. Hustawi kwa udongo, maji, kivuli na muda. Asemaye ustawi wa mwanafunzi amekwisha kukubali, ajue asijue, kwamba mtoto naye yumo katika sheria hiyo.

Shule hizi hazikutokea bure. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali ya Tanzania, huku Kiingereza kikibaki lugha ya shule za sekondari. Kwa hiyo mtoto aliyefaulu darasa la saba aliingia kidato cha kwanza akakuta mlango umebadilishwa kufuli: hesabu aliyoijua kwa Kiswahili aliulizwa kwa lugha nyingine. Tangu miaka ya 1990, serikali ilipowaruhusu watu binafsi kufungua shule za msingi za Kiingereza, wazazi wengi waliona kwamba dawa imepatikana. Hawakuwa wajinga katika kufikiri hivyo. Waliuona mlango, wakatafuta ufunguo mapema. Ila ni lazima itambuliwe kwamba shida ya kubadili lugha haikuondolewa, imesogezwa tu. Mtoto wa shule ya serikali huikuta akiwa na umri wa miaka 13 au 14, na mtoto wa shule hizi huikuta akiwa na miaka 5 au 6.

Zamani mzazi aliyekuwa na uwezo alipendelea bweni hata kwa mtoto mdogo. Fikira hiyo imebadilika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hofu. Mwezi wa Septemba mwaka 2020 moto uliteketeza bweni la shule moja ya msingi katika wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera humo humo, na wanafunzi 10 walikufa. Ya pili ni amri. Mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka wa kuzuia huduma ya bweni kwa watoto wa darasa la kwanza hadi la nne isipokuwa kwa kibali maalumu, kwa maelezo kwamba watoto wa umri huo wahitaji kulelewa na wazazi na jamii zao. Hivyo shule ya kutwa, iliyodhaniwa kuwa ya daraja la chini, imekuwa ndiyo shule halali ya mtoto mdogo.

Hapa ndipo hatari isiyoonekana inapoanzia. Shule iliyozoea kushindana na shule za bweni hushawishika kuigeuza kutwa iwe bweni lisilo na vitanda. Gari humchukua mtoto kabla ya mapambazuko. Masomo ya ziada hutangulia masomo ya kawaida. Jioni huwa masomo mengine. Na mtoto hufika kwao giza limekwisha kuingia, akiwa na kazi za kuandika mkobani. Mtoto wa namna hiyo hana bweni wala hana nyumbani. Hukosa usingizi ambao bweni lingempa, na hukosa mazungumzo ya jikoni ambayo nyumbani pangempa. Jina la kutwa limebaki mlangoni, lakini machweo yamefutwa.

Hasara ya mazungumzo hayo si ndogo kama inavyodhaniwa. Mtoto wa Nshamba huishi katika lugha tatu: Kihaya kwa bibi yake, Kiswahili sokoni na barabarani, Kiingereza darasani. Kuwa na lugha tatu si ugonjwa, wala akili ya mtoto haijai kama debe. Lakini kila lugha huhitaji watu wa kusema nayo, na mambo ya kusemwa. Mtoto hujifunza kueleza sababu, kusimulia jambo kwa taratibu, kukubali na kukanusha, kwa lugha aijuayo kwanza. Kisha ujuzi huo huuhamishia katika lugha ya pili. Akinyimwa nafasi ya kuujenga katika lugha ya kwao, huwa hana cha kuhamisha. Ndipo hutokea mwanafunzi ambaye husoma ukurasa wa Kiingereza kwa sauti nzuri, bila kukwama, naye akiulizwa ukurasa umesema nini hunyamaza. Sauti amepewa, maana hakupewa. Na kwa kuwa mzazi husikia sauti tu, hurudi nyumbani ameridhika.

Jambo hili huwa zito zaidi pale Kiingereza kinapofundishwa kwa aibu. Desturi ya kumtundika mtoto kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya kwao ilijulikana katika shule nyingi za Afrika Mashariki zamani za ukoloni. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986, akikumbuka shule za Kenya. Wapo walimu ambao bado hudhani kwamba hiyo ndiyo njia ya mkato. La hasha. Mtoto aliyekatazwa lugha aijuayo, na asiyeimudu lugha aliyoamriwa, hajifunzi kusema, hujifunza kunyamaza. Aumwapo tumbo hanyoshi mkono, kwa sababu hana maneno ya kulisema tumbo hilo. Aonewapo na mkubwa wake hashitaki. Basi lugha ya shule, ambayo ingekuwa daraja, imekuwa ukuta baina ya mtoto na mtu mzima awezaye kumsaidia.

Kiboko nacho kina sehemu yake katika habari hii. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zilielekeza kwamba adhabu hiyo itolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa idhini naye, kwamba viboko visizidi vinne, na kwamba msichana achapwe na mwalimu wa kike. Mipaka iliwekwa kwa kuwa ilijulikana kwamba mkono wenye hasira haujui kuhesabu. Mwezi wa Agosti mwaka 2018 mwanafunzi wa shule moja ya msingi mjini Bukoba alikufa baada ya kupigwa na mwalimu, na msiba huo ulisikika nchi nzima. Lakini hata pasipo msiba, hofu ina kazi yake ya kila siku. Mwenye hofu huelekeza akili yake kwa kile anachokiogopa, na akili iliyomo katika kulinda mwili haina nafasi ya kupokea somo. Kwa hiyo asemaye kwamba shule ichague baina ya masomo na utulivu wa watoto ameweka njia panda mahali pasipokuwa na njia panda.

Watu wa Nshamba wana sababu ya kulijua jambo hili kuliko wengine. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na uchunguzi uliofanywa mwaka 1987 ulionyesha kwamba katika mji wa Bukoba karibu watu wazima 24 katika kila 100 walikuwa na virusi. Vijiji vilijaa yatima, na bibi wakarudia ulezi wakiwa wazee. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulianzishwa huko Nshamba mradi ulioitwa Humuliza, ambao ulitazama huzuni ya mayatima pamoja na njaa yao. Mswisi Kurt Madörin alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Kutokana na kazi hiyo walitokea vijana waliojiunga katika chama chao wenyewe, Vijana Simama Imara. Baadaye, mwaka 2003, ukaanzishwa mradi wa Kwa Wazee, wa kuwapa wazee wa huko fedha kidogo kila mwezi, wao na wajukuu wanaowalea. Taarifa iliyotolewa juu ya mradi huo mwaka 2008 ilipewa jina la vitu vitatu: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Jina hilo lina elimu ndani yake. Kabla ya kalamu kuna sabuni, kwa sababu mtoto mwenye nguo chafu huketi nyuma na haulizi swali.

Neno "humuliza" lenyewe lastahili kutazamwa. Katika Kihaya "okuhumula" ni kupumzika, na "okuhumuliza" ni kumfanya mtu apumzike, kumtuliza, kumfariji. Mara nyingi penye h ya Kihaya Kiswahili kina p: "okuha" ni "kupa." Kwa kanuni hiyo hiyo "humula" ni ndugu wa "pumua," ambalo limezaa "pumzika." Basi kumfariji aliyefiwa, kwa lugha ya Nshamba, ni kumrudishia pumzi. Mtoto wa Kihaya aliye darasani anayo tayari, katika lugha ya bibi yake, fikira ambayo wataalamu hueleza kwa vitabu vinene: kwamba moyo huweza kubanwa kama kifua, na huweza kufunguliwa. Shule inayomkataza lugha hiyo humnyang'anya dawa pamoja na neno.

Yatima wa miaka ile ndio wazazi wa leo. Wengi walikosa masomo, nao hawataki watoto wao wakose. Ndiyo maana hulipa karo kwa kujinyima, na ndiyo maana huiuliza shule swali moja tu: imekuwa ya ngapi? Mwezi wa Januari mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora. Tangazo limekoma, lakini desturi ya kupima shule kwa nafasi yake haikukoma siku ile ile. Mzazi angeweza kuuliza mengine yaliyo rahisi kuyaona. Mtoto hula nini mchana, na saa ngapi? Huondoka nyumbani saa ngapi, na hurudi kungali mchana? Akikosa swali hufanywa nini? Yupo mwalimu mmoja ambaye mtoto huweza kumwendea na kusema naye kwa lugha yoyote aliyo nayo? Je, aweza kumweleza bibi yake, kwa Kihaya, jambo alilofundishwa leo?

Swali hilo la mwisho lashinda mitihani mingi. Mtoto awezaye kumweleza bibi yake kwa nini mvua hunyesha, au nusu na robo ni nini, amelielewa somo. Na bibi, asiyejua Kiingereza, amekuwa mwalimu msaidizi bila kulipwa, kwa kusikiliza na kuuliza. Lakini mazungumzo hayo yahitaji saa yake, baada ya shule na kabla ya usingizi, wakati chakula kikiwa jikoni. Saa hiyo ndiyo faida ya shule ya kutwa ambayo bweni haliwezi kuitoa. Shule inayoitwaa saa hiyo kwa ajili ya masomo ya ziada huichukua faida yake yenyewe na kuitupa.