Siku Saba za Hatari kwa Moyo

Mzee mwenye presha anaugua mafua makali. Homa inashuka, familia inapumua. Siku ya tano kifua kinambana, na kabla hajafikishwa hospitali amefariki. Cheti cha kifo kitataja moyo. Mafua hayatatajwa popote.

Madaktari wameshuku uhusiano huo tangu zamani, kwa sababu mlipuko wa mafua ukipanda, vifo vya moyo navyo hupanda. Kuuthibitisha ndiko kulikowashinda. Baridi nayo huutesa moyo, na wanaolemewa na mafua mara nyingi ndio hao hao wazee, wavutaji sigara na wenye kisukari. Utajuaje kilichoua ni kipi?

Mwaka 2018 Jeff Kwong na wenzake wa Ontario, Kanada, walilijibu swali hilo kwa mbinu ninayoipenda sana: kila mgonjwa alilinganishwa na nafsi yake. Walichukua watu waliothibitishwa na maabara kuwa na virusi vya influenza, ambao pia walilazwa kwa mshtuko wa moyo katika mwaka uliotangulia kipimo au ule uliofuata. Aliyekuwa akivuta sigara wiki ya mafua, kwa kawaida alikuwa akivuta miezi sita kabla; sigara, urithi na kisukari vinajifuta kwenye hesabu. Walilazwa mara 364 kwa jumla. Katika wiki za kawaida wastani ulikuwa 3.3 kwa wiki. Katika siku saba za kwanza baada ya kipimo, walilazwa mara 20. Hatari ilikuwa imepanda mara sita, na baada ya siku hizo saba ongezeko halikuonekana tena. Virusi vingine vya njia ya hewa navyo viliongeza hatari, ila si kwa kiasi hicho.

Tukumbuke kwamba waliopimwa wengi walikuwa wagonjwa wa kutosha kufikishwa kwa daktari. Kamasi za siku mbili hazimo katika hesabu hii.

Yanayotokea ndani ya mwili yanaeleweka kwa sehemu kubwa. Kwa miaka mingi mafuta hujijenga ndani ya kuta za mishipa inayoulisha moyo, yakifunikwa na utando mwembamba. Kinga inapopambana na virusi humwaga kemikali za uvimbe katika damu, na utando ule hudhoofika. Ukipasuka, chembe sahani hukimbilia pale kuziba jeraha, na damu iliyokwisha kuwa rahisi kuganda kwa sababu ya ugonjwa huziba mshipa wote. Wakati huo homa inaudundisha moyo kwa kasi, nayo mapafu yaliyochoka hayaupi oksijeni ya kutosha.

VVU huumiza moyo kwa njia ya polepole zaidi. Hata virusi vikidhibitiwa na ARV, uvimbe mdogo hubaki miaka na miaka. Utafiti wa REPRIEVE, uliohusisha watu 7,769 wanaoishi na VVU katika nchi 12, Uganda ikiwemo, ulionyesha mwaka 2023 kwamba kidonge cha kila siku cha pitavastatini, dawa ya kushusha lehemu, kilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35.

Kwa mafua, kinga ni sindano moja kwa mwaka. Katika utafiti wa IAMI, ulioongozwa kutoka Sweden na kutangazwa mwaka 2021, wagonjwa waliotoka kupata mshtuko wa moyo walichomwa chanjo ya mafua au maji ya chumvi, wengi wao wakiwa bado wodini. Baada ya mwaka mmoja, vifo vya moyo na mishipa vilikuwa asilimia 2.7 kwa waliochanjwa na 4.5 kwa wenzao.

Nchini Kenya influenza huzunguka mwaka mzima, haingoji baridi. Kwa hiyo kliniki ya presha na kisukari, ambako wagonjwa hawa huhudhuria tayari, ndiyo mahali chanjo hii inapopaswa kuwa, ikitolewa siku ile ile wanayofuata vidonge vyao.